Usafi wa Linux Mint unaojifanya wenyewe: mwongozo kwa anayeanza

Siku mbili kabla ya mitihani ya muhula, maalim mmoja wa Wete aliniingilia dukani kwangu Chake Chake na laptopu yake ndani ya mkoba wa ukili. Akaiweka mezani, akaiwasha, akaandika neno la siri. Skrini ikameta mara moja, kisha ikamrudisha palepale pa kuandikia neno la siri. Akaandika tena, taratibu, herufi moja moja. Ikamrudisha tena.

"Imenikataa, mwanangu," akasema. "Na neno langu ni lile lile tangu uliponiwekea."

Neno lilikuwa sawa. Diski ndiyo iliyojaa hadi mdomoni. Mfumo ukikosa nafasi ya kuandika hata vile vijifaili vidogo vya kuanzia kazi, hauwezi kukufungulia meza yako, basi unakurudisha mlangoni. Nikamuuliza, "Maalim, umepakia nini humu?"

"Mitihani tu, na picha za harusi ya mdogo wangu."

Nilipotazama, alisema kweli. Vitu vyake vyote havikufika gigabaiti kumi na mbili, katika diski ya 128. Sehemu kubwa ya kilichobaki mashine ilijijazia yenyewe: nakala za mfumo zinazopigwa na programu iitwayo Timeshift, kerneli (kiini cha mfumo) za zamani, vifurushi vya programu vilivyokwishafanya kazi yake, na kumbukumbu za matukio ya mfumo ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisoma.

Tangu Windows 10 ilipoachwa bila masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za huku ambazo hazipokei Windows 11 nimezihamishia Linux Mint. Zinakwenda vizuri. Ila wengi wenye mashine hizo hawajui kuwa nayo inataka kufagiwa, na wachache wanaojua hufagia siku maji yakishafika shingoni. Hapa naonyesha namna ya kuipa mashine ratiba ijifagie yenyewe. Hatua ni za Mint yenye meza ya aina ya Cinnamon, na zinataka kama nusu saa, mara moja tu.

Kwanza: karafuu na makonyo

Aliyewahi kukaa usiku kuchambua karafuu anaijua kazi hii. Karafuu upande huu, makonyo (vijiti vyake) upande ule, na mkono hauchanganyi. Hata makonyo hayatupwi, hupelekwa kiwandani Wawi yakakamuliwe mafuta. Ndani ya kompyuta ni vivyo hivyo. Kuna vitu ulivyoviunda wewe: barua, picha, mitihani, hesabu za duka. Hizo ni karafuu, na mashine haiwezi kukurudishia zikipotea. Kuna na vitu ambavyo mashine imeviunda au imevipakua yenyewe na inaweza kuvipata tena: akiba za muda, vijipicha vya kuonyeshea mafaili, vifurushi vya programu. Hayo ni makonyo.

Kanuni yangu ni moja tu: kinachojiendesha chenyewe kiguse makonyo. Karafuu zichambuliwe kwa mkono wa mwenyewe, macho yakiwa wazi. Ukiona mtu mtandaoni anakupa amri ya kufuta folda yako ya Downloads kila wiki bila kukuuliza, mpite.

Tazama kabla ya kushika fagio

Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri (Ctrl+Alt+T), uandike:

df -h /

Utapata mstari mmoja wenye tarakimu. Inayokuhusu ni ile asilimia chini ya Use%. Chini ya 70 huna haraka. Ikipita 85, fanya kazi hii leo. Usishangae diski ya 128 ikionekana ina kama 117. Kiwanda huhesabu gigabaiti kwa elfu elfu, na amri hii inahesabu kwa 1024.

Sasa andika:

baobab

Ndiyo, mbuyu. Programu yenyewe kwenye menyu inaitwa Disk Usage Analyzer, lakini jina lake la ndani ni la mti huu huu tunaoujua. Bofya diski yako, ngoja kidogo, itakuchorea duara la rangi likionyesha folda ipi imekula nafasi. Kaa nalo dakika kumi. Mtu akishaona kwa macho yake kwamba folda iitwayo timeshift imebeba gigabaiti arobaini, hahitaji kuhubiriwa tena.

Mafagio yaliyomo ndani tayari

Mint ina visafishaji vyake, ila kimoja hakijawashwa na kingine mara nyingi kimewekwa kwa ukarimu mno.

Cha kwanza ni Update Manager. Kila kerneli mpya ikiingia, ya zamani inabaki, na kila moja ina mamia ya megabaiti. Kabla ya kuwasha chochote, tazama mfumo ungefuta nini:

apt-get -s autoremove

Hiyo -s ina maana "jifanye tu", hakuna kinachofutwa. Soma orodha. Ukiona majina yanayoanza na linux-image, linux-headers, linux-modules na ya namna hiyo, pamoja na mengi yanayoanza na lib, ni kawaida. Ukiona programu unayoitumia, au majina mengi yenye neno cinnamon, simama. Maana yake siku za nyuma uliondoa kitu kimoja, kikaondoka na kifurushi mama, sasa mfumo unadhani wengine wote ni yatima. Kama kuna programu unayoitaka katika orodha hiyo, andika sudo apt-mark manual ikifuatiwa na jina lake, na haitaguswa tena.

Orodha ikiwa safi, fungua Update Manager, nenda Edit, kisha Preferences, kisha ukurasa wa Automation. Washa "Remove obsolete kernels and dependencies". Itaondoa za zamani yenyewe, na daima huacha angalau kerneli moja ya nyuma, ili mpya ikikorofisha uwe na pa kurudi.

Cha pili ni Timeshift, na hiki ndicho kilichomfungia maalim mlango. Timeshift hupiga nakala ya hali ya mfumo ili siku ukiharibika urudi ulikokuwa. Nakala ya kwanza ni kubwa kama mfumo mzima, zinazofuata hubeba mabadiliko tu. Maalim alikuwa na tano za kila siku, tatu za kila wiki na mbili za kila mwezi, zote katika diski ile ile ndogo. Fungua Timeshift, Settings, ukurasa wa Schedule. Kwa diski ya 128 mimi huacha Weekly peke yake, na Keep naiweka 2. Zikizidi mbili, yenyewe inafuta ya zamani. Ukiwa na diski ya nje ni bora zaidi, ila lazima iwe imepangwa kwa mtindo wa Linux kama ext4. Flashi ya kawaida ya dukani haifai mpaka ipangwe upya.

Jambo moja watu hulijua wakiwa wamechelewa: kwa kawaida Timeshift haihifadhi mafaili yako. Inahifadhi mfumo. Mitihani ya maalim haimo humo hata siku moja.

Skripti ya kila wiki

Sasa tunaandika fagio letu wenyewe. Ni faili moja fupi, na mfumo utaliita kila wiki. Andika:

sudo nano /etc/cron.weekly/usafi

Neno sudo ni kuomba mamlaka ya msimamizi wa mfumo, kwa hiyo itakuuliza neno la siri. Ukiandika, huenda isitokee nyota wala nukta yoyote. Wewe andika tu, ubonyeze Enter. Ndani ya ukurasa mtupu weka haya:

#!/bin/sh
{
date
df -h /
apt-get autoclean
journalctl --vacuum-size=200M
flatpak uninstall --unused -y
df -h /
} > /var/log/usafi.log 2>&1

Hifadhi kwa Ctrl+O, Enter, kisha toka kwa Ctrl+X.

Mistari hiyo inafanya nini? Mstari wa autoclean unafuta vifurushi vilivyopakuliwa ambavyo vimeshapitwa na wakati, vile ambavyo hata mtandaoni havipatikani tena. Kuna ndugu yake aitwaye clean, anayefuta vyote bila kuchagua. Wengi hupendekeza clean. Mimi sikubaliani nao kwa sababu ya bando. Hapa dukani nina mashine mbili zenye toleo moja la Mint, na ninachopakua kwenye moja nakibeba kwa flashi hadi nyingine. Vifurushi hivyo vinakaa katika /var/cache/apt/archives, na nikivifuta vyote kila wiki nitavinunua mara mbili. Kama una mashine moja tu na intaneti si tatizo, weka clean.

Mstari wa journalctl unapunguza kumbukumbu za matukio zibaki kama megabaiti 200. Bila kuambiwa, mfumo hujiruhusu hadi asilimia kumi ya diski, mwisho gigabaiti 4. Kwa mtu wa nyumbani 200 ni nyingi mno tayari. Usishangae ikizidi kidogo, kwa sababu faili linaloandikwa wakati huo haliguswi.

Mstari wa flatpak unaondoa misingi ya programu za Flatpak (njia nyingine ya kuweka programu) ambayo hakuna programu inayoitumia tena. Ukiwa hujawahi kuweka Flatpak hata moja, mstari huu hautakudhuru.

Alama ile ya > mwishoni ina kazi yake. Inaandika matokeo juu ya yale ya wiki iliyopita. Ungeweka mbili, >>, ingekuwa inaongeza chini yake wiki baada ya wiki, na fagio linaloacha taka zake nyuma ni kichekesho.

Halafu lipe faili ruhusa ya kuendeshwa:

sudo chmod +x /etc/cron.weekly/usafi

Hakikisha mfumo unaliona:

run-parts --test /etc/cron.weekly

Jina la usafi lazima liwemo katika orodha. Kama halimo, mara tisa kati ya kumi umeliita usafi.sh. Kinachoyaita mafaili ya folda hii huruka jina lolote lenye nukta, wala hakilalamiki. Nilipoteza mwezi mzima kwa nukta moja hiyo, nikidhani mashine ya mteja inafagiwa, kumbe ilikuwa imekaa tu.

Mwisho lijaribu kwa mkono:

sudo /etc/cron.weekly/usafi
cat /var/log/usafi.log

Utaona tarehe, hali ya diski kabla, kilichofanyika, na hali ya diski baada.

Kwa nini kila wiki, na si saa fulani

Kijana wa jirani alitaka usafi ufanyike kila siku saa mbili usiku, akishamaliza kutazama mpira. Akaandika ratiba ya cron, kiita-kazi cha mfumo kinachofuata saa, kama alivyoona mtandaoni, akaweka 2. Miezi ikapita, hakuna kilichofagiwa. Kompyuta haihesabu saa kama sisi. Kwake 2 ni saa nane za usiku, wakati laptopu yake imezimwa na mwenyewe yuko kitandani. Saa mbili usiku yetu kwake ni 20. Hesabu yenyewe ni nyepesi: mchana ongeza sita, usiku hadi saa tano ongeza kumi na nane. Lakini ni bora kuikwepa kabisa.

Na hata angeandika 20, bado kungekuwa na suala la umeme. Pemba tangu 2010 tunapata umeme wa Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, si kama enzi za majenereta ya Wesha, lakini kukatika bado kunakatika. Cron peke yake ikipitwa na saa yake, ndiyo basi, inangoja zamu nyingine. Ndiyo maana tumeliweka faili katika cron.weekly, ambako anayesimamia ni anacron. Huyu haulizi saa ngapi, anauliza "zimeshapita siku saba?" Zikiwa zimepita, mashine ikiwashwa na kukaa kidogo, anaifanya kazi. Mhakikishe yupo:

sudo apt install anacron

Kama yupo, utaambiwa yupo.

Ana tabia moja ya kuijua: kwa kawaida hafanyi kazi laptopu ikiwa inatumia betri. Anangoja chaja. Usimbadilishe. Umeme ukiwa umekatika na una asilimia ishirini za betri, hutaki mashine ianze kufagia. Ila kama wewe ni wa kuchaji laptopu ikiwa imezimwa na kuitumia ikiwa kwenye betri, basi mara moja kwa wiki iwashe ikiwa imechomekwa, uiache hivyo saa moja au mbili.

Pipa lako la taka

Skripti ya juu inaendeshwa na msimamizi wa mfumo, kwa hiyo haigusi folda zako. Za kwako zinataka kijiskripti kidogo kinachoendeshwa kwa jina lako. Weka kwanza chombo cha kumwaga pipa:

sudo apt install trash-cli

Kisha nano ~/usafi-wangu (safari hii bila sudo), na ndani yake:

#!/bin/sh
trash-empty 30
find ~/.cache/thumbnails -type f -mtime +60 -delete
notify-send "Downloads" "$(du -sh ~/Downloads | cut -f1)"

Kilipe ruhusa: chmod +x ~/usafi-wangu.

Mstari wa kwanza unamwaga vilivyokaa katika pipa zaidi ya siku 30. Utakuta watu wanaotumia find hata kwa pipa. Usiwafuate. Amri ile find hutazama siku faili lilipobadilishwa mwisho, si siku ulipolitupa. Picha ya 2019 ukiitupa leo asubuhi kwa bahati mbaya, find itaimaliza leo leo, kabla hujagundua. Trash-empty inasoma tarehe ya kutupwa yenyewe. Kwa vijipicha vya kuonyeshea, find haina ubaya. Vikifutwa vitatengenezwa upya ukiifungua folda.

Mstari wa mwisho haufuti kitu. Unakuletea ujumbe mdogo pembeni mwa skrini ukikwambia folda ya Downloads imefika ngapi. Ya maalim ilikuwa na nakala sita za mtihani mmoja wa Jiografia, kwa sababu kila alipotaka kuuchapisha aliupakua upya. Zipi zifutwe? Moja kati yake alikuwa ameisahihisha. Hilo skripti haiwezi kulijua.

Sasa fungua Startup Applications kwenye menyu, bofya alama ya kuongeza, chagua amri ya kujiandikia. Kwenye jina weka Usafi wangu, kwenye amri weka njia nzima ya faili, mfano /home/jinalako/usafi-wangu, na kwenye kuchelewesha weka sekunde 120 ili mashine iamke kwanza. Kila ukiingia, itafanya kazi yake kimya.

Usivyohitaji

BleachBit, kisafishaji kingine, ni programu nzuri kwa anayejua anachobofya. Anayeanza huweka tiki kila mahali, na humo mna visanduku vinavyofuta maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani ya Firefox. Usiiwekee ratiba. Kupanga diski upya kwa maana ya defragment, kama enzi za Windows XP, hakuhitajiki. SSD nayo mfumo unaihudumia kila wiki kwa kazi iitwayo fstrim, bila wewe.

Wiki mbili baadaye

Soma tena cat /var/log/usafi.log utazame tarehe ya juu. Ukitaka uhakika zaidi:

sudo cat /var/spool/anacron/cron.weekly

Itakupa tarakimu nane: mwaka, mwezi, siku. Ikiwa ni ya zaidi ya siku saba na mashine imekuwa ikiwashwa, tazama kwanza suala la chaja, kisha ile nukta kwenye jina.

Kama umeshachelewa

Ikiwa laptopu yako imeshafika pale pa maalim, inakurudisha mlangoni kila ukiingia, bonyeza Ctrl+Alt+F2. Itatokea skrini nyeusi ya maandishi. Andika jina lako la mtumiaji, kisha neno la siri. Halafu:

sudo apt-get clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M
df -h /

Hapa naam, clean, bando au si bando. Mara nyingi hizo zinatosha kupata pumzi. Zisipotosha, nakala za Timeshift ndizo zinazofuata:

sudo timeshift --list
sudo timeshift --delete --snapshot '2025-11-02_09-00-01'

Jina hilo ni mfano, weka lile la zamani kuliko yote katika orodha yako. Futa moja, tazama df tena, na uache angalau ile ya karibuni zaidi. Rudi kwa Ctrl+Alt+F7, ingia, na kabla ya kufungua kitu kingine chochote nenda Timeshift ukapunguze zile Keep.